Unene wa bomba chini ya maji, na kwa nini visanduku viwili havitoshi

Nimekuwa kimya kwa muda, na safari hii sina habari za simu mpya wala za lugha mpya ya programu. Nilikuwa nimezama kwenye mabomba. Ndiyo, mabomba, yale yanayolazwa chini ya maji.

Rafiki yangu mmoja niliyesoma naye chuo (yeye uhandisi wa ujenzi, mimi kompyuta) hushughulika na miradi midogo ya maji kando ya Ziwa Victoria. Alinitumia faili ya Excel iliyopita mikono mingi, akaniomba niigeuze iwe programu ndogo ya kufunguka kwenye simu. "Mzee, nataka visanduku viwili tu," aliandika. "Kwa kimoja naandika kina, kwa kingine napata unene wa bomba. Basi."

Ukiitazama kwa juu, hiyo ni kazi ya jioni moja. Fomula ipo, namba zipo. Lakini kadiri nilivyoichimba ndivyo nilivyozidi kuona kwamba visanduku viwili vingemdanganya mtu. Kinachoua bomba chini ya maji si kina peke yake. Ni umbo lake na muda pia, na ile fomula rahisi haijui lolote kati ya hayo mawili. Leo nawaeleza kwa nini, kwa namba.

Kwanza tuelewane

Bomba likiwa limejaa maji na limelala ziwani, halisikii kina. Maji ya ndani yanasukuma nje sawasawa na yale ya nje yanavyosukuma ndani. Taabu huanza pale ndani panapokuwa na shinikizo dogo kuliko nje: bomba la gesi linalolazwa baharini likiwa tupu, au bomba la kuvutia maji lenye pampu inayonyonya upande mmoja.

Chukua chupa ya plastiki ya maji ya kunywa. Puliza ndani kwa nguvu zako zote, haitafanya kitu. Sasa nyonya hewa yake. Inabonyea papo hapo. Plastiki ni ile ile na mapafu ni yale yale. Tofauti ni kwamba shinikizo la ndani hulirudisha umbo kwenye duara, kila mahali palipobonyea hunyooshwa. Shinikizo la nje hufanya kinyume: palipobonyea kidogo hubonyezwa zaidi. Hapo ndipo siri yote ilipo, na nitairudia mara kadhaa.

Mhandisi Mskoti William Fairbairn alilifanyia jambo hili majaribio na kuyachapisha mwaka 1858, kwa sababu mabomba ya moto ndani ya matangi ya mvuke yalikuwa yakibonyea na kuua watu. Mwaka 1884 Mfaransa Maurice Lévy alipata hesabu ya pete inayobanwa kutoka nje, na mwaka 1888 G. H. Bryan akaifikisha kwenye bomba refu. Fomula inayotokana na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye ile Excel:

p = 2E / (1 − v²) × (t/D)³

Hapa p ni shinikizo la kubonyea, t ni unene wa ukuta, D ni kipenyo cha nje, E ni ukakamavu wa mada yenyewe, na v ni uwiano wa Poisson (kwa chuma ni 0.3). Angalia hicho kipeo cha tatu. Ukiongeza unene mara mbili, nguvu inapanda mara nane. Ukipunguza unene kwa asilimia 10 tu, umepoteza asilimia 27 ya nguvu. Angalia pia kisichokuwepo: nguvu ya chuma. E ni karibu ile ile kwa feleji zote, ya bei rahisi na ya bei ghali. Kwa bomba jembamba, kununua chuma bora hakukusaidii hata kidogo.

Kutafuta bomba lenye jibu

Sisi watu wa programu tuna desturi moja nzuri: usiamini msimbo wako mpaka uupe swali ambalo jibu lake linajulikana. Nikatafuta bomba la kweli ambalo vipimo vyake viko hadharani. Nikachagua TurkStream, mabomba mawili ya gesi yanayopita chini ya Bahari Nyeusi kutoka Urusi hadi Uturuki, zaidi ya kilomita 930 kila moja, yaliyoanza kupeleka gesi Januari 2020. Kina kikubwa zaidi ni takribani mita 2,200. Kipenyo ni inchi 32, yaani milimita 812.8. Ukuta una unene wa milimita 39. Chuma chake ni daraja la 450, maana yake kinaanza kulegea kikifika megapaskali 450.

Shinikizo la nje kwenye mita 2,200 za maji ya chumvi ni kama megapaskali 22.1. Hiyo ni sawa na uzito wa kilo 225 juu ya kila sentimita mraba.

Nikaipa fomula rahisi kina hicho. Jibu: milimita 29.7.

Waliolijenga walitumia 39. Je, walitupa pesa? Ukipiga hesabu ya uzito, bomba la milimita 39 lina kilo 744 kwa mita, na kipande cha mita 12 kinafika tani 9, ambao ndio uzito uliotangazwa. Kwa milimita 29.7 ingekuwa kilo 574 kwa mita. Tofauti ni kilo 170 kwa kila mita, na ukiizidisha kwa kilomita 930 unapata tani 158,000 za chuma kwa bomba moja tu. Hakuna mhasibu anayeachilia tani 158,000 ziende baharini bila sababu.

Kwa hiyo fomula ndiyo ina upungufu. Upungufu huo uko mahali pawili.

Kwanza, inadhani bomba hufa kwa kukunjika tu. Bomba nene linaweza kufa kwa njia nyingine: chuma chenyewe kinalegea kwa kubanwa kabla ya ukuta kukunjika. Njia hiyo ina hesabu yake nyepesi, mara mbili ya kikomo cha kulegea mara t/D. Halafu kuna jambo la kiwandani. Mabomba makubwa hutengenezwa kwa kukunja bamba liwe kama herufi U, kisha O, kulichomelea, na mwisho kulitanua kutoka ndani ili liwe duara. Chuma kilichotanuliwa hivyo huwa dhaifu zaidi kikibanwa upande wa kinyume. Kanuni ya DNV ya Norway (DNV-ST-F101) inakata asilimia 15 kwa ajili hiyo, isipokuwa umethibitisha vingine kwa majaribio.

Pili, na hili ndilo kubwa, fomula inadhani bomba ni duara kamili. Hakuna bomba duniani lililo duara kamili. Kanuni ya DNV inakutaka uweke kasoro ya mviringo, yaani kipenyo kikubwa toa kipenyo kidogo, gawanya kwa kipenyo cha kawaida. Haikubali uandike chini ya asilimia 0.5 hata kama kiwanda chako kina sifa gani.

Msimbo wenyewe

Ukiviunganisha vyote, unapata mlinganyo wa kipeo cha tatu ambao shinikizo la kubonyea limejificha pande zote mbili. Kuna njia ya kuutatua kwa aljebra, lakini mimi napenda njia ya kukata katikati: jibu liko kati ya sifuri na lile dogo kati ya yale mashinikizo mawili, basi unakata nusu, unaangalia jibu liko upande gani, unakata tena. Mara 60 zinatosha na kuzidi.

def kubonyea(D, t, E, v, kikomo, kiwanda, kasoro):
    pe = 2*E/(1-v*v) * (t/D)**3
    pp = 2*kikomo*kiwanda * t/D
    chini, juu = 0.0, min(pe, pp)
    for i in range(60):
        p = (chini+juu)/2
        if (pe-p)*(pp*pp-p*p) > p*pe*pp*kasoro*D/t:
            chini = p
        else:
            juu = p
    return p

Vipimo vyote ni milimita na megapaskali. Ukichanganya na mita, kompyuta haitalalamika, itakupa upuuzi kwa heshima zote.

Niliweka D = 812.8, t = 39, E = 207000, v = 0.3, kikomo = 450, kiwanda = 0.85 na kasoro = 0.005. Shinikizo la kukunjika peke yake ni 50.3. La kulegea ni 36.7. Ukiyaunganisha pamoja na kasoro, jibu ni megapaskali 31.9. Ukilinganisha na 22.1 za bahari, kuna akiba ya mara 1.44, na hiyo ndiyo sura ya kazi ya mtu anayejua anachofanya. Nikarudisha zile milimita 29.7: bomba linabonyea kwenye megapaskali 18.6, yaani kama mita 1,850. Lingekufa kabla ya kufika chini. Ili kufikia 22.1 bila akiba yoyote unahitaji kama milimita 32. Zinazobaki mpaka 39 ndizo akiba.

Milimita 24

Hapa ndipo niliposimama na kumpigia rafiki yangu simu.

Nilibadilisha namba moja tu. Kasoro ya mviringo kutoka asilimia 0.5 hadi 3. Unene ule ule, chuma kile kile, kina kile kile. Jibu lilishuka kutoka 31.9 hadi 21.7.

Soma tena: 21.7, na bahari inasukuma kwa 22.1. Bomba la tani 9 kwa kipande, lenye ukuta mnene kuliko kidole gumba cha wengi wetu, linabonyea kwa sababu upana wake na urefu wake vimetofautiana kwa milimita 24. Kwa kitu chenye kipenyo cha sentimita 81, milimita 24 hata huzioni kwa macho ukiwa umesimama mbali kidogo. Ndiyo maana meli inayolaza bomba hulishikilia kwa nguvu kubwa lisipinde kupita kiasi linaposhuka. Kupinda hulifanya bomba liwe la yai, na yai ndilo linalotafutwa na maji.

Kuna baya zaidi. Miaka ya 1970 watafiti Marekani walionyesha kwamba bomba likishabonyea mahali pamoja, mbonyeo unaweza kukimbia kama zipu. Shinikizo la kuuendesha ni dogo sana kuliko la kuuanzisha. Kwa bomba letu hili, hesabu ya DNV inatoa kama megapaskali 6.7, ambayo ni mita 670 tu za maji. Maana yake mbonyeo mmoja ukianzia kwenye mita 2,200 unaweza kukimbia pande zote mbili mpaka ufike kwenye maji ya chini ya mita 670. Kuongeza unene wa bomba lote ili kuzuia hilo ni gharama isiyobebeka. Badala yake huwekwa pete nene za chuma kila baada ya umbali fulani, ili mbonyeo ukianza ufe kwenye pete inayofuata.

Kama unadhani haya ni ya wazungu na Bahari Nyeusi, kumbuka kwamba kwa jirani zetu Tanzania, gesi iliyogunduliwa mwaka 2012 katika kitalu namba 2, kama kilomita 100 kutoka pwani ya kusini, iko chini ya maji yenye kina cha mita 2,500 hivi. Shinikizo huko ni megapaskali 25.1. Bomba lenye uwiano ule ule wa kipenyo na unene lingebaki na akiba ya mara 1.27 tu. Vijana wetu wa uhandisi watakuja kuzihitaji hesabu hizi.

Turudi ziwani

Rafiki yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka. "Mzee, mimi sina mita elfu mbili. Nina pampu ya umwagiliaji na bomba la plastiki nyeusi."

Nikamwomba anieleze kuhusu mabomba aliyowahi kuona yamebonyea. Alikuwa nalo moja. Shamba fulani kando ya ziwa lilifungiwa bomba la kuvutia, likafanya kazi vizuri msimu wa kwanza na wa pili. Baadaye maji yakawa yanapungua kidogo kidogo. Wakabadilisha pampu. Maji yakazidi kupungua. Walipolivuta bomba wakalikuta limelala bapa kama mkanda kwa mita kadhaa. Wenye shamba waliamua kwamba limekanyagwa na kiboko. Huenda. Viboko wapo. Lakini nilimuuliza unene wake, akaniambia ni lile jembamba, kipenyo milimita 110 na ukuta milimita 4.2. Tukapiga hesabu pale pale kwenye simu.

Plastiki ina tabia ambayo chuma hakina kwenye joto letu la kawaida: inachoka polepole chini ya mzigo. Siku ya kwanza E yake ni karibu megapaskali 900. Ukiibana mfululizo kwa miaka 50, inafanya kana kwamba E ni karibu 200. Pampu ikivuta maji kutoka chini, na ukiongeza msuguano wa bomba refu, shinikizo la ndani linaweza kuwa chini ya lile la nje kwa mita 6 za maji, kama megapaskali 0.06. Sasa tazama bomba hilo jembamba likiwa duara kamili:

Siku ya kwanza: linavumilia 0.144. Salama, zaidi ya mara mbili.

Baada ya miaka mingi ya mzigo: linavumilia 0.032. Limekufa.

Pampu hupumzika usiku na plastiki nayo hupumzika kiasi, kwa hiyo ukweli wa shamba lile uko mahali fulani katikati. Lakini kuna umbo pia. Bomba linalouzwa likiwa limeviringwa huwa tayari ni la yai kidogo. Kasoro ya asilimia 5 inazidisha nguvu kwa 0.64, na hata ile 0.144 ya siku ya kwanza inashuka hadi 0.092. Ukichukua bomba la ukuta wa milimita 6.6 badala ya 4.2, ukalipa yai la asilimia 5 na uchovu wa miaka 50 kwa pamoja, bado linavumilia 0.078. Linapita. Milimita 2.4 za plastiki ndizo zilizosimama kati ya shamba lenye maji na shamba lililonunua pampu ya pili bure.

Ile Excel ingesema bomba jembamba linafaa. Na kwa siku ya kwanza ingekuwa kweli.

Tulivyokubaliana

Hapo tukabishana kidogo. Mimi nilitaka programu ikatae kutoa jibu mpaka iambiwe kasoro ya mviringo na muda wa mzigo. Yeye akasema fundi akiona maswali mengi ataifunga na kurudi kukisia, na kukisia ni kubaya kuliko Excel. Ana hoja. Programu isiyotumika hailindi bomba la mtu yeyote.

Basi tumeifanya hivi. Visanduku vimebaki vichache, lakini asiyejaza kasoro anapewa asilimia 5, na asiyejaza muda anapewa miaka 50. Dhana hizo zinaandikwa kwa herufi kubwa juu ya jibu, si chini kwa maandishi madogo. Jibu lenyewe linakuja na mistari mitatu: bomba litavumilia kiasi gani siku ya kwanza, kiasi gani mwishoni, na namba ipi uliyoingiza ndiyo inayolimaliza. Mwenye rula anaweza kupima bomba kwa upana, kisha kulizungusha robo na kupima tena, akaweka namba yake mwenyewe. Inachukua dakika moja. Rafiki yangu sasa huwaambia mafundi wapime kabla ya kununua, na si baada ya kulizamisha.

Kwa wenzangu waandishi wa programu: tunaombwa kila siku tugeuze faili ya mtu iwe fomu nzuri yenye kitufe. Fomula ikishavaa nguo mpya ya skrini, watu huiamini zaidi kuliko ilivyostahili ikiwa kwenye Excel chafu. Kabla ya kuweka kitufe, ulizeni fomula hiyo inadhani nini kuhusu dunia, kisha iandikeni dhana hiyo pale ambapo macho ya mtumiaji yatafika kwanza.

Anayetaka msimbo wote, pamoja na ule wa plastiki, aniandikie nitamtumia. Ni bure. Na kama kuna mhandisi wa mabomba anayesoma hapa na anaona mahali pa kuongeza, karibu sana.

Haya, mpaka wakati mwingine.